Mifupa: Jengo Lisilokoma Kujengwa

Katika shule nyingi za sekondari kiunzi cha mifupa huwekwa ndani ya kabati la maabara, kimening'inizwa kwa waya, kikavu na cheupe. Mwanafunzi hufundishwa majina ya mifupa hiyo, huyakariri, na pengine hutoka darasani na picha isiyo sahihi: kwamba mfupa ni kama jiwe lililotiwa mwilini ili nyama ipate pa kushikilia. Hata lugha ya kila siku humsaidia kuiamini picha hiyo, maana mtu aliyekondeshwa na ugonjwa husemwa kuwa amebaki mifupa mitupu, kana kwamba mifupa ndiyo sehemu ya mtu iliyo karibu zaidi na kaburi.

Mfupa ulio ndani ya mtu aliye hai ni kitu kingine kabisa. Una unyevu na rangi ya waridi iliyofifia, umepenywa na mishipa ya damu na ya fahamu, na ukikatwa hutoka damu. Hujengwa, hubomolewa na kujengwa upya tangu mtu akiwa tumboni mwa mama yake hadi siku ya kufa kwake. Jambo hili si la mitihani tu. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, wamekuwapo watoto ambao miguu yao ilipinda kwa sababu mifupa yao, ikiwa katika kazi yake ya kawaida ya kujijenga, ilichukua katika damu kitu kilicholetwa na maji ya kunywa. Ili kuelewa jinsi maji yanavyoweza kupinda mfupa, ni lazima kwanza kujua mfupa umefanywa kwa vitu gani.

Fito na udongo

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa na shule yoyote bila gharama kubwa. Chukua mifupa miwili ya paja la kuku iliyosafishwa vizuri. Mmoja utumbukizwe ndani ya siki kwa muda wa juma moja au zaidi, na siki ibadilishwe mara kwa mara. Wa pili uchomwe katika makaa makali mpaka uwe mweupe kabisa. Mfupa uliotoka katika siki utakuwa na umbo lake lile lile, lakini utapindika mkononi kama kipande cha mpira. Ule uliochomwa nao utakuwa na umbo lake, bali ukiubana kwa vidole utavunjikavunjika kama chaki.

Maana yake ni kwamba mfupa una vitu viwili vilivyoshikamana. Tindikali iliyomo katika siki huyeyusha madini na kuacha nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Moto huunguza kolajeni na kuacha madini. Kila kimoja peke yake ni dhaifu, lakini vikiwa pamoja hufanya kitu chenye nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Fundi wa nyumba za udongo hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Fito bila udongo huyumba, na udongo bila fito hupasuka na kuanguka. Katika mfupa mkavu madini ni kama theluthi mbili za uzito wote.

Madini hayo ni ya kalsiamu na fosfati, nayo yamepangika katika fuwele ndogo mno zisizoonekana kwa darubini za kawaida za shule. Wanakemia huyaita haidroksiapatiti. Jina hili ni refu, lakini halina budi kukumbukwa, kwa kuwa kijisehemu chake kimoja, yaani haidroksili, ndicho kitakachokuwa mlango wa matatizo ya Meru.

Mfupa mrefu ukikatwa kwa msumeno huonekana kuwa na shimo katikati, kama mwanzi. Umbo hilo lina faida kubwa, maana kwa kiasi kile kile cha mali, bomba hustahimili kupindwa kuliko ufito uliojaa. Ndani ya shimo hilo mna uboho. Kwenye ncha za mfupa hakuna shimo, bali mna mfupa wa namna ya sifongo, wenye vijiti vyembamba vilivyopishana. Mwaka 1892 Julius Wolff, daktari mpasuaji wa Ujerumani, alichapisha kitabu akieleza kwamba vijiti hivyo havikupangwa ovyo, bali hufuata njia unakopita uzito wa mwili, na kwamba mzigo ukibadilika, mpango wao nao hubadilika. Ndiyo maana mkono wa mcheza tenisi autumiao kupigia mpira huwa na mfupa mnene kuliko ule mwingine, na ndiyo maana mgonjwa aliyelala kitandani miezi mingi hupoteza sehemu ya mifupa yake. Wanaanga waliokaa muda mrefu katika vyombo vya angani, mahali ambapo mwili hauhisi uzito, wamepatwa na jambo hilo hilo.

Kazi ya kubadilisha hufanywa na chembe hai zilizomo katika mfupa wenyewe. Ziko za ubomoaji, ambazo hutoa tindikali na vimeng'enya na kuchimba mfupa wa zamani. Ziko za ujenzi, ambazo hufuata nyuma yake zikitandaza kolajeni mpya inayojazwa madini baadaye. Baadhi ya chembe za ujenzi hufukiwa na kazi yao wenyewe, zikabaki zimefungiwa ndani ya mfupa mgumu, zikipeana habari na chakula kwa njia ya vifereji vyembamba sana. Mishipa ya damu inayozilisha hupita katika mifereji mikubwa zaidi ambayo mpaka leo huitwa kwa jina la Clopton Havers, daktari wa Uingereza aliyeieleza mwaka 1691. Katika mtu mzima kiasi cha sehemu moja katika kumi ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka.

Gegedu, mtangulizi wa mfupa

Mtu akishika ncha ya pua yake au sikio lake na kulipinda, hushika gegedu. Gegedu nayo ina kolajeni, lakini badala ya madini ina maji mengi yaliyonaswa katika vitu vya namna ya utomvu. Kwa hiyo hubonyea na kurudi. Kwenye viungo hufunika ncha za mifupa kwa tabaka laini lenye kuteleza, ambalo likilowanishwa na ute wa kiungo huwezesha goti kukunjwa mara nyingi zisizohesabika bila mfupa kusaga mfupa. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani vya gegedu vyenye moyo laini kama ute. Visahani hivi hupungua maji mchana kutwa kwa kubanwa na uzito, vikajaa tena usiku, hata mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni.

Gegedu ina upungufu mmoja mkubwa: haina mishipa ya damu. Chakula huifikia kwa kupenyapenya polepole. Ndiyo sababu mfupa uliovunjika huunga kwa muda wa majuma kadhaa, ilhali gegedu ya goti iliyochanika huweza kumsumbua mchezaji wa mpira maisha yake yote.

Lakini kazi yake iliyo kubwa kuliko zote hufanyika utotoni. Sehemu kubwa ya kiunzi cha mtoto aliye tumboni huanza kwa gegedu, na mfupa huja baadaye kuchukua nafasi yake. Mtoto azaliwapo ana vipande vya mifupa karibu 300, na vingi huungana kadiri akuavyo mpaka ibaki 206 ya mtu mzima, kuanzia fupa la paja, ambalo ni refu kupita yote, hadi kijifupa cha ndani ya sikio chenye urefu wa milimita 3 hivi. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu wa mtoto hubaki kitabaka cha gegedu ambacho chembe zake hugawanyika na kujipanga safu kwa safu kama sarafu zilizopangwa juu ya meza. Upande mmoja gegedu huongezeka, upande wa pili hugeuzwa kuwa mfupa, na mfupa hurefuka.

Kwamba mfupa hukua kwenye ncha na si katikati, Mwingereza Stephen Hales alilionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1727. Alitoboa vitundu viwili katika mfupa wa mguu wa kuku mchanga, akapima umbali kati yake, akamwacha kuku akue. Baada ya miezi miwili mfupa ulikuwa umerefuka sana, lakini vitundu vile vilikuwa mbali kwa kadiri ile ile ya mwanzo.

Vitabaka vya ukuaji hufunga wakati wa ujana, kwa wasichana mapema kuliko wavulana, na ncha ya ndani ya mtulinga huchelewa kuliko zote, hata baada ya miaka 20. Kwa kuvitazama kwa eksirei daktari huweza kukadiria umri wa mtoto asiyejua alizaliwa lini. Wachunguzi wa mambo ya kale nao hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho lisilo na kifani la kutambua visukuku, aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Mifupa mingi ya kiunzi hicho, chenye umri wa miaka milioni 1.5 hivi, ilipatikana baadaye. Ncha za mifupa yake mirefu zilikuwa hazijaungana na mashina yake, nayo ikawa dalili wazi kwamba aliyekufa pale alikuwa kijana ambaye bado anakua.

Baada ya vitabaka hivyo kufunga, mfupa huweza kunenepa au kukonda, bali hauwezi kurefuka tena. Jambo moja la ajabu ni kwamba mfupa uvunjikapo mwili huirudia njia ya utotoni: aghalabu huweka kwanza gegedu kwenye pengo, kisha huigeuza kuwa mfupa, halafu chembe za ubomoaji hukwangua ziada mpaka umbo la zamani lipatikane. Plasta ya hospitali haiungi kitu. Kazi yake ni kutuliza tu vipande wakati mwili ukifanya kazi.

Ghala la kalsiamu

Kila mtu hujua kwamba mifupa hubeba mwili, na kwamba fuvu hulinda ubongo na mbavu hulinda moyo na mapafu. Uboho mwekundu nao hutengeneza chembe za damu, mamilioni kwa kila sekunde. Kazi isiyojulikana sana ni ya ghala. Mwili wa mtu mzima una kalsiamu ya uzito wa kilo 1 hivi, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Kile kidogo kinachobaki ndicho kinachowezesha misuli kukaza, moyo kupiga na damu kuganda. Katika kila mililita 100 za damu hutakiwa miligramu 9 hadi 10 hivi za kalsiamu. Zikipungua sana misuli hukakamaa, na mtu huweza kufa.

Kwa hiyo mwili huichunga damu kwanza na mfupa baadaye. Tezi nne ndogo zilizo shingoni, nyuma ya tezi dundumio, zikihisi upungufu hutoa homoni inayosababisha mfupa ubomolewe na kalsiamu iingie katika damu. Vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, huwezesha utumbo kuchukua kalsiamu kutoka katika chakula. Mtoto asiyeipata hujenga kolajeni isiyojazwa madini vya kutosha, yaani fito pasipo udongo, na miguu yake hupinda chini ya uzito wake mwenyewe. Hayo ni matege yanayotajwa katika vitabu vyote. Matege ya Meru yana chanzo kingine.

Mfupa hupokea kinacholetwa

Ghala linalofunguliwa kila saa huweza kuingiza mali isiyotakiwa. Mwaka 1736 John Belchier, daktari mpasuaji wa London, alieleza kwamba nguruwe waliolishwa pumba zilizotumika katika kutia nguo rangi kwa mizizi fulani mwekundu walikuwa na mifupa myekundu, hali nyama yao haikubadilika. Rangi ile ilikuwa imepita katika damu na kushika kalsiamu mahali ilipokuwa ikijengwa mfupani. Risasi hufanya vivyo hivyo, na strontiamu ya milipuko ya mabomu ya nyuklia pia. Floraidi hufanya hivyo kwa nguvu zaidi, kwa sababu ukubwa wake unakaribiana sana na ule wa haidroksili iliyomo katika fuwele za mfupa. Huiondoa haidroksili na kukaa mahali pake, na fuwele inayopatikana ni ngumu zaidi kuyeyuka. Ikiwa kidogo, kiasi cha miligramu 1 katika lita ya maji, huyasaidia meno yasitoboke. Ikizidi, mambo hugeuka.

Milima ya volkano ya Bonde la Ufa ina miamba yenye sodiamu nyingi na floraidi nyingi. Kama maji yanayopita humo yangekuwa na kalsiamu ya kutosha, sehemu kubwa ya floraidi ingeshikwa na kutuama kama floraidi ya kalsiamu. Lakini maji hayo ni haba wa kalsiamu, kwa hiyo floraidi huendelea kusafiri nayo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Vipimo vya mto Ngare Nanyuki, utokao Mlima Meru, vimeonyesha zaidi ya miligramu 20. Mkulima anywaye lita 2 tu za maji ya namna hiyo kwa siku humeza miligramu 40, hali inajulikana kwamba miligramu 14 kwa siku, zikidumu miaka mingi, hudhuru mifupa waziwazi. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilikubali kwa muda kiwango cha miligramu 8 kwa lita. Haikuwa kwamba madhara hayakujulikana. Kiwango cha chini zaidi kingefunga visima vingi pasipokuwa na maji mengine. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi 4, kisha hadi 1.5.

Dalili ya kwanza ni meno ya rangi ya kahawia, ambayo watu wa Arusha na Kilimanjaro wameyajua kwa vizazi vingi na ambayo wenyeji wengine huyafanyia mzaha. Madoa hayo hutengenezwa katika miaka minane hivi ya kwanza, jino likiwa bado ndani ya ufizi, na mswaki hauyaondoi. Mtu mzima ahamiaye huko hayapati kamwe, maana meno yake yalikwisha kukamilika. Mifupa haikamiliki, kwa hiyo humpata mkubwa na mdogo. Kwa mtu mzima mfupa huongezeka unene lakini kwa mpango mbaya, na zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa huanza nazo kuwa mfupa. Mgongo hukauka, shingo haigeuki, na hatimaye mtu hushindwa kuinama kuokota jembe lake. Mtoto, ambaye mifupa yake inajengwa kwa haraka, hubakiza mwilini sehemu kubwa zaidi ya floraidi anayoimeza kuliko mtu mzima, na kama chakula chake hakina kalsiamu ya kutosha miguu yake huweza kupinda kwa ndani au kwa nje.

Maji si njia pekee. Magadi yanayotumiwa kulainisha makande na maharage huweza kuwa na floraidi nyingi, hasa yale yanayokwanguliwa juu ya udongo. Nako kuchemsha maji, ambako huua vijidudu na kunastahili kusifiwa kwa sababu hiyo, hakuondoi floraidi hata kidogo. Maji yakipungua kwa mvuke, ile iliyobaki huwa kali zaidi.

Dawa iliyotoka machinjioni

Ikiwa mfupa unashika floraidi ndani ya mtu, waweza pia kuishika nje yake. Huo ndio msingi wa kazi iliyofanywa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mifupa ya ng'ombe hukusanywa kutoka machinjioni na kuchomwa ndani ya tanuru lenye hewa kidogo mpaka iwe makaa meusi. Husagwa kuwa punje, huoshwa, na kutiwa ndani ya ndoo au pipa ambamo maji hupitishwa polepole. Yale madini yaliyobaki katika jaribio la makaa hapo juu ndiyo yanayofanya kazi hapa pia. Moto ukiwa hafifu, mabaki ya mafuta na kolajeni hutia maji harufu na rangi, na watumiaji huyakataa. Ukizidi mpaka mifupa ikawa majivu meupe, uwezo wake wa kushika floraidi hupungua sana. Fundi wa tanuru, kwa hiyo, ni mtu muhimu kuliko anavyodhaniwa, na swali la wenyeji kuhusu mifupa ni ya mnyama gani si la kupuuzwa, kwani kuna wasioweza kunywa maji yaliyopita katika mifupa ya kila mnyama.

Wanafunzi wanaweza kukadiria chujio moja hudumu muda gani. Ichukuliwe kwamba kila gramu ya makaa ya mifupa hushika miligramu 2 za floraidi, kwamba ndoo ina kilo 10 za makaa hayo, na kwamba maji yana miligramu 10 kwa lita nayo hushushwa hadi 1. Uwezo wote wa ndoo ni miligramu 20,000. Jamaa watumiao lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia huacha ndani yake miligramu 180 kila siku. Kwa hesabu hiyo chujio hujaa baada ya siku 111. Kwa maji ya miligramu 20 kwa lita halifiki siku 53. Likisha kujaa, maji hupita kama yalivyoingia, wala rangi, ladha au harufu haimwonyeshi mama wa nyumbani kwamba lolote limebadilika. Ni kipimo cha maabara tu kiwezacho kumwambia, na ni lazima kifanywe kabla ya siku hizo kwisha.